Dakika 16 za Bessie Smith

Wazee wetu mliotangulia kufika, shikamooni. Ndugu zangu, vijana wangu, habari za jioni.

Nimeombwa nizungumzie filamu fupi za muziki za zamani kabla taa hazijazimwa. Zipo nyingi, na kila moja ina wapenzi wake. Mimi nitashikilia moja, kwa sababu naipenda, na kwa sababu ndani yake mna jambo ambalo sisi tunaotazama na kutengeneza video za muziki kila siku tumelipa kisogo. Filamu hiyo inaitwa St. Louis Blues. Ilipigwa Juni 1929 huko Astoria, Queens, jijini New York. Inakwenda dakika 16 hivi. Anayeimba ni Bessie Smith, na katika maisha yake yote hizo ndizo picha za sinema pekee zake tulizobakiwa nazo.

Hebu fikirini. Mwanamke aliyekuwa akijaza kumbi za Wamarekani weusi kuanzia kusini hadi kaskazini, santuri zake zikiuzwa kwa mamia ya maelfu, lakini ukitaka kumwona akifumbua mdomo, akipumua, akiinamisha kichwa, una dakika 16 tu. Basi.

Nianze na yeye mwenyewe. Bessie alizaliwa Chattanooga, Tennessee, mwishoni mwa karne ya 19, katika umaskini mkubwa. Alifiwa na wazazi wote wawili akiwa bado mdogo, akawa anaimba barabarani huku nduguye Andrew akimpigia gitaa ili wapate senti za kula. Mwaka 1912 alijiunga na kundi la wasanii wa kuzungukazunguka. Kumbi nyingi za watu kama yeye zilikuwa mahema. Kipaza sauti hakikuwapo. Ukisimama jukwaani, sauti yako imfikie aliyeketi benchi la mwisho au arudi nyumbani hajakusikia. Sauti ya Bessie ilifika. Mwaka 1923 kampuni ya Columbia ilianza kumrekodi, na baada ya miaka miwili alikuwa ameshanunua behewa lake mwenyewe la treni, la kulala yeye na kundi lake zima, maana katika miji mingi ya kusini mtu mweusi, hata awe na fedha kiasi gani, alikuwa hapewi chumba hotelini. Watu walimwita Malkia wa Blues, ule muziki wa Wamarekani weusi wa kuimba shida na huzuni, na hawakuwa wakimpamba.

Sasa wimbo. St. Louis Blues aliutunga W. C. Handy na kuuchapisha mwaka 1914, alipokuwa akiishi Memphis. Handy mwenyewe alisimulia kwamba miaka mingi kabla ya hapo, akiwa hana kitu, alipita mji wa St. Louis akakutana barabarani na mwanamke mlevi aliyekuwa akijikokota huku akinung'unika kwamba mumewe ana moyo kama jiwe lililotupwa baharini. Maneno yale hayakumtoka. Alipokaa kutunga, akayaingiza kama alivyoyasikia.

Mliozoea mashairi mtauelewa upesi ubeti wa blues. Una mishororo mitatu. Wa kwanza unasemwa, wa pili unaurudia, wa tatu unajibu au unafunga. Lakini kuna jambo ambalo macho hayalioni katika maandishi: kila mshororo ukishaimbwa huachiwa nafasi, karibu sawa na urefu wake, na nafasi ile hujazwa na ala. Mwimbaji anasema, ala inajibu. Mwaka 1925 Bessie alipourekodi wimbo huu kwa ajili ya santuri, aliyekuwa akimjibu alikuwa kijana mmoja aitwaye Louis Armstrong na koneti yake, yaani tarumbeta fupi. Isikilizeni mkipata nafasi. Utadhani watu wawili wameketi barazani, mmoja analia shida zake, mwenzake anamwambia, "Ndiyo, nakusikia, endelea."

Shikeni hapo, tutaparudia.

Mwaka 1929 sinema ilikuwa ndiyo kwanza inajifunza kusema. Miaka miwili nyuma watu wengi bado walikuwa wakitazama sinema bubu, mpiga piano ameketi pembeni ya pazia. Mtambo uliotumika kwa filamu hii ulikuwa wa kampuni ya RCA, ulioitwa Photophone, na namna ulivyofanya kazi hunisisimua hadi leo. Sauti iligeuzwa kuwa mwanga, na mwanga ule ukapigwa picha kwenye ukingo wa utepe uleule wa filamu, ukawa mstari mwembamba wenye mawimbi kando ya picha. Mwimbaji akipaza sauti, mawimbi yanapanuka. Akinong'ona, yanasinyaa. Wakati wa kuonyesha, taa ndogo inapita mle na kuugeuza mstari kuwa sauti tena. Ukiushika utepe huo na kuutazama juani, unaiona sauti ya Bessie Smith kwa macho.

Mtambo huo ulikuwa na masharti magumu. Kamera za siku zile zilipiga kelele, ikabidi zifungiwe ndani ya vibanda au zifunikwe ili kelele zisiingie kwenye sauti. Kamera ikiwa kifungoni haiwezi kurukaruka. Kuikata sauti na kuiunganisha ilikuwa shughuli pevu. Kwa hiyo watu waliimba na kupiga palepale, mbele ya kamera, wimbo ukianza uende. Hapakuwa na kuweka midomo juu ya wimbo uliorekodiwa wiki iliyopita studio. Unayemwona akivuta pumzi ndiye unayemsikia.

Mtu anaweza kusema basi mtindo wa filamu hii ni matokeo ya vyombo duni, hakuna sifa ya kumpa mtu. Sikubali, na sababu yangu ni mwongozaji. Dudley Murphy hakuwa mtu asiyejua kukata picha. Miaka mitano kabla, mwaka 1924, alikuwa Paris akitengeneza pamoja na mchoraji Fernand Léger filamu iitwayo Ballet mécanique, ambayo ni masufuria, magurudumu, midomo na macho yanayokuja na kuondoka kwa kasi mpaka kichwa kinazunguka. Yule ni mtu aliyekuwa na kasi mkononi. Alipoletewa Bessie Smith, alituliza kamera. Vyombo vilimbana, ndiyo, lakini alijua pia anamtazama nani.

Naomba sasa niwapitishe ndani ya filamu, ili mkiiona msibabaishwe na vitu vya kando.

Inaanza kwenye ujia wa nyumba ya kupanga. Wanaume wamechuchumaa wanacheza kamari ya dado. Mmoja wao ni Jimmy, mtanashati, mcheza dansi hodari, na maisha yake yanaendeshwa na fedha za mwanamke. Mwanamke huyo ni Bessie. Anarudi, anamkuta Jimmy chumbani na msichana mwingine, anayechezwa na Isabel Washington. Bessie anamshambulia yule msichana, anamtoa mbio. Jimmy anamgeukia Bessie, anamwangusha, anamcheka, anaondoka. Bessie anabaki sakafuni na chupa. Na pale chini sakafuni ndipo anapoanza kuimba yale maneno ya mwanamke wa St. Louis, kwamba mume wake ana moyo kama jiwe lililotupwa baharini.

Hakuna ala. Hakuna piano ya kumsaidia kupata sauti. Ni yeye tu. Anaburuta neno moja mpaka unadhani litakatika, halikatiki.

Halafu picha inayeyuka, na tunamkuta baa. Hii ni enzi ambayo pombe ilikuwa imepigwa marufuku Marekani nzima, kwa hiyo ni baa ya kificho. Bessie ameegemea kaunta, kofia kichwani, bilauri kubwa ya bia mbele yake. Hamtazami mtu. Anaendelea na mshororo uleule, kana kwamba kutoka sakafuni hadi kaunta hapakuwa na safari. Nyuma yake kuna meza zimejaa wateja, wanawake kwa wanaume, na bendi iko upande mmoja, James P. Johnson akiwa kwenye piano pamoja na wapigaji waliotoka katika bendi ya Fletcher Henderson.

Kisha linatokea jambo ambalo kwangu mimi ndiyo filamu yenyewe. Wateja wanaanza kumwitikia. Wale walioketi na glasi zao ni Hall Johnson Choir, kwaya iliyokuwa ikiimba nyimbo za kiroho za Wamarekani weusi, na waliopanga sauti zao ni Handy mwenyewe pamoja na J. Rosamond Johnson. Bessie anatoa mshororo, baa nzima inajibu. Anatoa mwingine, sauti za kiume zinaingia chini, za kike zinapanda juu. Ile nafasi tuliyoisema, ile iliyokuwa ya koneti ya kijana mmoja mwaka 1925, sasa imejazwa na umati wa watu. Ulevi umegeuka kuwa ibada, na mwanamke aliyekuwa akilia peke yake sakafuni amepata jamaa.

Wapo wapenzi wa blues wanaosema kwaya hii imezidi, kwamba inamfunika Bessie, kwamba blues ni ya mtu mmoja na upweke wake. Nawaheshimu, lakini nitawasimulia kitu.

Bibi yangu mzaa mama alikuwa hajui Kiingereza hata neno moja. Siku moja nilikuwa naitazama filamu hii kwenye kompyuta, nakala mbovu, sauti inakwaruza, naye ameketi nyuma yangu anachambua mchele kwenye ungo. Sikumwita aangalie. Sauti ya Bessie ilipoanza pale sakafuni, nikasikia mkono wake umesimama kwenye ungo. Akakaa kimya. Kwaya ilipoingia akauliza, "Huyu mama kafiwa na nani?" Nikamwambia hakufiwa, bibi, kaachwa na mwanamume. Akatazama kidogo zaidi. Akasema, "Kafiwa. Si unaona watu wamekuja kumliza?"

Kumliza. Nimesoma mengi kuhusu filamu hii, sijaona neno lililoigusa karibu kuliko hilo. Kwenye msiba, mfiwa akitoa kilio, wanaume nje watanyamaza, na wanawake ndani watampokea. Hawamnyamazishi. Wanamsaidia kulia. Handy aliyetunga, Murphy aliyeongoza na Hall Johnson aliyeileta kwaya walikuwa watu wa New York na Memphis, na hawakuwa wakimfikiria bibi mmoja na ungo wake wa mchele. Lakini mpangilio waliouweka ulimfikia bila mkalimani.

Mniwie radhi, nimekawia hapo. Ndipo penye utamu.

Sasa nisiwafiche upande wenye uchungu. Hadithi waliyopewa watu hawa waicheze haikuwa ya heshima. Mwanamume mweusi ni mcheza kamari, mnyonyaji, mpiga wanawake. Mwanamke mweusi ni mlevi anayepigwa, na akirudiwa anasamehe papo hapo. Mtaona karibu na mwisho Jimmy anaingia tena baa, anacheza, watu wanamshangilia, anamkumbatia Bessie, uso wake unang'aa kama wa mtoto. Wanacheza pamoja. Na katikati ya kucheza mkono wa Jimmy unatafuta fedha alizozificha Bessie kwenye soksi yake ndefu, anazichukua, anamsukuma, anaondoka akicheka. Watu weusi wengi wa wakati ule hawakupenda kuonyeshwa hivyo kwenye pazia la sinema, na walikuwa na haki. Bessie wa kweli aliongoza kundi lake mwenyewe, alinunua behewa, na alipenda nguo za fahari na manyoya. Kwenye filamu akavuliwa yote hayo, akavikwa unyonge. Hiyo ndiyo bei iliyotozwa ili tumwone.

Lakini tazameni anavyolipa. Jimmy akishatoka, Bessie anarudi kwenye wimbo, kwaya inarudi naye. Kila alichoandikiwa kinamdhalilisha, na kila anachoimba kinakataa. Sioni mwanamke mnyonge pale kwenye kaunta. Naona mtu ambaye chumba kizima kinavuta pumzi anapovuta yeye.

Kuna uchungu mwingine ambao haumo ndani ya filamu. Sinema ya sauti ndiyo iliyotuhifadhia Bessie, na sinema hiyohiyo ndiyo iliyoua jukwaa lililomlisha. Kumbi za maonyesho zikageuzwa kuwa kumbi za sinema, wasanii wa kuzunguka wakakosa kazi. Oktoba 1929, miezi michache baada ya filamu kupigwa, soko la hisa la New York likaanguka, na watu wakaacha kununua santuri. Mwaka 1931 Columbia ikaachana naye. Tarehe 26 Septemba 1937 akafariki Clarksdale, Mississippi, baada ya ajali ya gari. Kaburi lake huko Pennsylvania lilikaa bila jiwe lenye jina mpaka Agosti 1970, lilipowekwa kwa gharama za wanawake wawili, mmoja wao mwimbaji Janis Joplin, wa pili Juanita Green, ambaye utotoni aliwahi kufanya kazi za ndani nyumbani kwa Bessie. Filamu nayo ilitoweka, watu wakaihesabu imepotea, mpaka nakala ikapatikana Mexico katika miaka ya 1940. Mwaka 2006 iliingizwa kwenye orodha ya filamu zinazohifadhiwa kitaifa na Maktaba ya Bunge la Marekani.

Nimeombwa pia niseme iliacha nini. Murphy mwenyewe, mwaka huohuo wa 1929, alitengeneza nyingine, Black and Tan, pamoja na mwanamuziki wa jazz Duke Ellington. Anayecheza dansi humo ni Fredi Washington, dada wa yule Isabel tuliyemwona akifukuzwa chumbani. Pale Murphy aliirudisha mikono yake ya Paris kidogo: picha zinagawanyika, wachezaji wanaongezeka mara kadhaa, sakafu inang'aa kama kioo. Ni filamu nzuri. Bado siku zote moyo wangu hurudi kwenye ile kaunta.

Mwaka 1935 Ellington alicheza katika filamu fupi nyingine, Symphony in Black. Humo kuna msichana wa takriban miaka 20 anayeangushwa chini na mwanamume, na anaanza kuimba akiwa ameanguka. Msichana huyo ni Billie Holiday, na hiyo ni mara yake ya kwanza kuimba kwenye filamu. Mtu yeyote aliyemwona Bessie sakafuni anaijua picha ile imetoka wapi. Miaka sita ilikuwa imepita, na sinema bado ilimtaka mwimbaji wa kike mweusi aangushwe kwanza ndipo aimbe.

Ilibidi tungoje hadi 1944, kwenye Jammin' the Blues, filamu ya dakika 10 ya mpiga picha Gjon Mili, mzaliwa wa Albania. Inaanza na duara jeupe juu ya giza, hujui ni nini. Duara linainuka taratibu, na chini yake unatokea uso wa mpiga saksafoni Lester Young: ilikuwa kofia. Hakuna hadithi ya mlevi wala mcheza kamari. Ni wanamuziki wanaopiga muziki, katika moshi na kivuli, wakiwa na heshima yao kamili. Lakini hata hapo kulikuwa na jambo la kuumiza. Mpiga gitaa, Barney Kessel, alikuwa mzungu pekee kundini, na studio haikutaka watu wa rangi mbili waonekane wakipiga pamoja. Basi akafichwa kivulini, na mikono yake ikapakwa maji ya matunda ya beri iwe na weusi ilipokaribiwa na kamera. Mkiiona siku moja, mtafuteni. Yumo, anapiga vizuri sana, ila hamruhusiwi kumwona.

Ninyi vijana mnaopiga video za muziki, na najua wapo watatu au wanne humu ndani, naomba mnisikilize. Leo kamera ni nyepesi kuliko kitabu. Mnaweza kukata mara 100 ndani ya dakika moja, na mara nyingi mnakata. Siwalaumu kwa kasi; Murphy naye aliipenda. Ninachowaomba ni mwimbaji akifika kwenye neno lililobeba wimbo, mwacheni amalize mbele ya macho yetu. Na mtafuteni mtu wa kumwitikia, awe mmoja mwenye koneti au baa nzima. Msimwache peke yake katikati ya magari na mabwawa ya kuogelea.

Filamu iko tayari. Fundi ameniambia nakala tuliyo nayo ina mikwaruzo mingi mwanzoni, kwenye ile sehemu ya kamari, na sauti itasikika kama mvua juu ya bati. Vumilieni, itatulia mkifika baa. Walio nyuma wanaweza kusogea mbele, viti vipo. Simu tuzizime. Yule mtoto aliyelala mwacheni alale, na yule aliye macho asizuiwe kuitikia.

Fundi, taa.